Seva Niliyoifundisha Uongo

Riziki ameniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu miaka yangu katika chumba cha seva, nyinyi mnaokikalia sasa. Alitaka ushauri kidogo na mambo ya zamani ya kuchekesha. Ya kuchekesha nitayatoa mapema, maana hayakufika mbali. Nimewasoma wastaafu wanaoandika kana kwamba kosa lao pekee maishani lilikuwa kuchelewa kikao. Mimi nina uchungu na sioni sababu ya kuuficha. Mkiukuta humu msiseme mzee Salim amezeeka vibaya. Nilikuwa nao hata mlipokuwa mkinikuta nimekaa kimya na kikombe changu cha kahawa.

Niliingia yadi yetu ya makontena nikiwa fundi wa fotokopi. Mnajua kazi ya yadi: mizigo hutolewa bandarini ikaja kusubiri kwetu Changamwe mpaka wenyewe wamalize ushuru waichukue. Siku ya kwanza niliitwa kutengeneza printa ya ofisi ya mizigo. Nilivuka feri kutoka Timbwani alfajiri, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, mkoba wa vifaa begani kama daktari. Printa ilikuwa haijachomekwa kwenye umeme. Niliichomeka, ikawaka, na ofisi nzima ikanipigia makofi ya kejeli. Mwanamke mmoja wa makamo, amevaa buibui na miwani iliyofungwa kwa uzi, hakucheka.

"Kijana," akaniuliza, "umeona kwa mato yako kwamba haikuchomekwa, ama umebahatisha?"

"Nimeona, mama."

"Basi ndoo nami." Nikamfuata.

Huyo alikuwa Bi Zuhura. Alikuwa wa ukoo wa kale wa mjini, Kiswahili chake Kimvita cha nyumbani, na ndiye aliyeanzisha chumba cha kompyuta pale yadi kilipokuwa bado stoo ya kuwekea mifagio. Wanaume wa ofisi walimwogopa, kwa sababu alikuwa akiuliza swali moja na kulingoja jibu mpaka lije. Mimi alinichukua kuwa msaidizi wake siku ile ile, na mkoba wangu wa vifaa akaumwaga juu ya meza akaanza kutoa visivyofaa.

Alichoniachia kilikuwa bisibisi mbili, tochi na koleo la kubana kebo. Akaongeza brashi ya kupakia rangi kucha, mpya, ya kusafishia vichwa vya kebo, kwa sababu hewa yetu ya bahari hula shaba na kebo ikianza kuliwa hutajua mpaka siku mkurugenzi ana wageni. Alinifunza kusikiliza feni za seva kwa sikio. Alinifunza kuweka ndoo chini ya kipoza hewa kabla hakijaanza kudondosha maji, si baada. Na alinipa daftari la jalada gumu. Kila kitu tulichokigusa katika mashine zile kiliandikwa mle: nini, lini, kwa nini, na nani aliyetaka.

"Hata ukipotea ndia, mwanangu, andika ulipopitia," alikuwa akisema. "Atakayekuja nyuma yako si mganga."

Mtandao ulipotufikia, wenye mizigo waliacha kupanga foleni dirishani. Tukawafungulia tovuti: mtu anaingia akiwa ofisini kwake mjini, anaandika nambari ya kontena, anaona limefika wapi, anaomba ruhusa ya kulitoa. Nyuma ya tovuti ile kulikuwa na programu ya seva, na kwa wale wapya kati yenu nitaieleza kwa lugha ya kaunta. Programu ya seva ni karani. Unamwomba karatasi, anakwenda kwenye kabati lake, anakuletea. Kazi yake nusu ni kuleta, na nusu ya pili ni kukataa kuleta kisichokuhusu. Hitilafu za usalama nyingi nilizopambana nazo maisha yangu yote zilikuwa katika nusu hiyo ya pili.

Waliotengeneza programu ile walikuwa wakitangaza mara kwa mara hitilafu zilizogunduliwa, pamoja na marekebisho yake, ambayo sisi tuliyaita viraka. Bi Zuhura aliyasoma matangazo hayo kama mtu anavyosikiliza matangazo ya vifo redioni, kujua kama kuna wa kwao. Akikuta la kwetu, kiraka kinatiwa jioni ile ile, na daftari linaandikwa.

Mara moja tu tulichelewa. Mtu asiyejulikana alipenya akabadilisha ukurasa wetu wa mbele, akaweka picha kubwa ya fuvu la kichwa. Mkurugenzi wa wakati ule alipiga simu kuuliza nani ameidhinisha nembo mpya. Bi Zuhura alimjibu kwamba yuachunguza, akakata simu, akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akavaa uso wa kazi na hakuondoka mpaka tukajua yule mtu aliingilia wapi. Hayo ndiyo ya kuchekesha niliyowaahidi.

Alistaafu akanikabidhi ufunguo na madaftari saba. Nilijiona mrithi. Nawaambia kweli, kwa miaka kadhaa nilistahili kujiona hivyo.

Kisha ukaletwa mfumo mpya wa kutolea mizigo, uliotengenezwa na mkandarasi aliyelipwa akapotea. Ulikuwa umeshonewa juu ya toleo moja la programu ya seva, na ukibadilisha toleo, ukurasa wa ruhusa unakufa. Haya niliyajua siku nilipojaribu. Lilikuwa limetoka tangazo la hitilafu mbaya: mtu akimwomba karani wetu karatasi kwa anwani iliyopindwa namna fulani, karani alikuwa akitoka nje ya kabati lake, anaingia vyumba vyote vya ndani na kuleta chochote alichoombwa, hata faili za mfumo wenyewe. Hapakuhitajika neno la siri wala werevu mwingi. Nilitia kiraka asubuhi. Kufikia saa nne hakuna ruhusa hata moja iliyoweza kutolewa, na malori yalikuwa yamepangana kutoka lango letu mpaka karibu na mzunguko wa kwenda uwanja wa ndege, madereva wakipiga honi na kututajia mama zetu.

Meneja wetu alikuwa Bwana Feisal. Simchukii kwa namna mnavyodhani. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwenye salamu kamili, anakuuliza hali yako, ya nyumbani, ya wazee, ndipo afikie alichokijia. Siku ile aliingia chumbani bila salamu.

"Irudishe kama ilivyokuwa."

"Ina tundu, Bwana Feisal. Ikirudi, mtu yeyote aliye nje ataweza kusoma faili zetu."

"Na mimi nina malori. Irudishe. Tutaitengeneza sawasawa baada ya meli hizi."

Niliirudisha na nikaandika daftarini. Mnajua wenyewe kwamba baada ya meli hizi huja meli nyingine. Nilikumbusha kwa mdomo, nikakumbusha kwa barua pepe, nikajibiwa "inshallah" mara nyingi kuliko nilivyoisikia msikitini.

Ukafika wakati wa ukaguzi. Watu wa bima walituma wakaguzi kila mwaka, na sehemu ya kazi yao ilikuwa kuendesha programu inayoiuliza seva, wewe ni toleo gani? Seva hujibu nambari. Nambari ikiwa ya zamani, wanaandika alama nyekundu na bima inagoma. Bwana Feisal akaja chumbani, safari hii kwa salamu zote.

"Ndugu yangu Salim, hii nambari inayoisema, inaisema kwa kuijua au kwa kuambiwa?"

Lilikuwa swali zuri, na ubaya wangu ni kwamba nilifurahi kuulizwa swali zuri. Nikamweleza kwamba ni kwa kuambiwa. Imeandikwa mahali, na mahali pale pakibadilishwa, seva itataja nambari nyingine.

"Basi iambie ya mwaka huu," akasema. "Mpaka meli hizi zipite."

Ulikuwa mstari mmoja. Haukunichukua muda wa kumaliza kikombe. Seva ikaanza kujitangaza kwamba ni toleo jipya lililokwisha kutiwa kiraka, na ndani yake ikabaki ile ile, na tundu lile lile. Niliijaribu nikiwa nje ya yadi, kwa simu yangu, nikaona imejibu nambari mpya, nikatabasamu. Ndiyo, nilitabasamu. Na katika madaftari yale yote, hilo ndilo badiliko pekee ambalo sikuliandika.

Mkaguzi alikuwa msichana kutoka Nairobi, mchangamfu, kompyuta yake imebandikwa vibandiko kila mahali. Aliendesha programu yake akatikisa kichwa kwa furaha.

"Mzee, server yenu iko fiti kabisa," akaniambia. "Pahali nimetoka jana, wacha tu. Nyinyi mko mbele."

Nikamshukuru. Mwaka wa pili akaja mwingine, na wa tatu mwingine, na kila mwaka kabla hawajafika nilikuwa nikiingia kubadilisha nambari ili isipitwe na wakati. Niliitunza nambari ile ya uongo kuliko nilivyoitunza seva. Nyinyi mnaosoma kozi za usalama mtasema hakuna mtu wa fani anayeweza kufanya hivyo. Ngojeni mpigiwe honi na malori.

Sasa nimtaje Kazungu. Kazungu alikuwa karani wa ruhusa, kaunta ya tatu, Mgiriama mtaratibu, mwimbaji wa kwaya, ambaye sikumbuki kumsikia akipandisha sauti hata na madereva. Kila Ijumaa, sisi Waislamu tulipokwenda sala, Kazungu alibaki peke yake akizishika kaunta zote. Na Jumapili za zamu, mmoja wetu alimshikia yake aende kanisani. Hakuna aliyetuamrisha, tulipatana wenyewe tangu zamani, na ilikuwa sehemu ya kazi niliyoipenda kuliko zote.

Ijumaa moja, wakati wa sala, makontena mawili ya matairi yalitolewa langoni. Dereva alikuwa na nambari ya ruhusa, mlinzi akaiangalia kwenye mfumo akaikuta sahihi, akafungua lango. Jumatatu akaja mwenye matairi na karatasi zake halali kuyachukua. Mfumo ulipoulizwa nani alitoa ruhusa, ulitaja jina moja: Kazungu, Ijumaa, saa saba kasoro dakika chache. Ulirekodi jina na saa tu. Haukurekodi mtu alikuwa amekaa wapi alipoitoa.

Nilipata jibu siku ile ile ya Jumatatu, kabla ya chakula cha mchana. Nilifungua kumbukumbu za programu ya seva yenyewe, zile zinazoandika kila ombi linaloingia, nikaziona zile anwani zilizopindwa, zimetoka nje ya yadi, Ijumaa asubuhi. Mtu alimwomba karani wetu wa seva faili ambamo mfumo uliweka alama za watu waliokwisha kuingia kazini siku ile. Karani akamletea. Kwa alama ile unaweza kufanya kazi kwa jina la mtu bila kujua neno lake la siri, naye yuko palepale kwenye kiti chake hana habari. Wakati jina la Kazungu likitumiwa, mimi nilikuwa safu ya pili msikitini, kwa sababu yeye alikuwa amenishikia kazi.

Nilikwenda kwa Bwana Feisal mbio. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango.

"Keti, ndugu yangu. Nambari ile aliibadilisha nani?"

"Mimi."

"Mimi nilikuandikia barua uibadilishe?"

"Ulinambia kwa mdomo. Hapa hapa."

"Iko daftarini kwako?"

Alijua haimo, maana alikuwa akinijua mimi.

"Basi tazama," akasema kwa upole, wallahi kwa upole. "Wakitaka kujua, watajua kwamba fundi wetu amewadanganya watu wa bima miaka mitatu. Bima haitalipa. Yadi itafungwa. Wewe utakwenda ndani, na hawa wengine wote watakula nini?"

"Na Kazungu?"

"Kazungu hana kosa, na asiye na kosa Mungu hamtupi. Wataalamu wanakuja. Wewe wape watakachokuomba."

Wataalamu walikuja, wanaume wawili wenye masanduku. Waliiuliza seva toleo lake, ikawaambia kile nilichoifundisha. Wakaandika kwamba programu ya seva ni ya karibuni, ile hitilafu maarufu haipo, kwa hiyo hakuna njia ya kuingia kutoka nje, kwa hiyo aliyetoa ruhusa ni mwenye jina. Waliomba rekodi za mfumo wa mizigo, nikawapa. Hawakuomba kumbukumbu za seva, kwa sababu seva ilikuwa haina neno. Sikuwapa. Mjue hili enyi vijana: uongo niliouandika ili tupite ukaguzi ndio uliogeuka ushahidi dhidi ya mtu, na hakuna aliyehitaji kuongeza hata neno.

Kumbukumbu zile zilikuwa zikijifuta zenyewe kila baada ya siku thelathini. Kuzinakili lilikuwa jambo la amri moja. Siwezi kusema nilizifuta, sikufuta kitu. Nilingoja tu.

Katika siku hizo za kungoja, Kazungu alinijia chumbani. Alikuwa amesimamishwa kazi akisubiri uamuzi, amekuja kuchukua koti lake. Alisimama mlangoni, akaomba ruhusa ya kuingia kama kawaida yake.

"Kaka Salim, wewe unazijua mashini hizi. Ile Ijumaa nilitoka kidogo kununua viazi karai pale nje. Dakika tano, hazikufika kumi. Nadhani nilifunga kompyuta yangu, lakini sina hakika. Yawezekana niliiacha wazi, mtu akaingia akatumia?"

Nilikuwa na jibu la kweli ndani ya kompyuta iliyokuwa mbele yangu. Ningeweza kuigeuza tu aone.

"Yawezekana," nikamwambia.

Akatikisa kichwa polepole, akanishukuru. Akachukua koti akaenda. Alipoitwa mbele ya kamati, alikana wizi, lakini alikiri kwamba huenda aliiacha mashine wazi. Hilo lilitosha. Hawakumpeleka polisi; nadhani Bwana Feisal hakutaka mtu mwingine yeyote aichungulie seva. Walimfukuza tu. Lakini yadi zote hizi za Changamwe watu wanajuana, na karani aliyetoka kwa habari ya makontena mawili hapokelewi hata kufagia. Nilisikia kwamba amepata kazi ya kupima misumari katika duka la vifaa vya ujenzi huko Kiembeni. Ijumaa zikaendelea, tukamweka mtu mwingine kaunta. Mimi nikaacha kwenda msikiti ulio jirani na yadi, nikawa nasali chumbani kwangu, na wenzangu wakadhani ni bidii ya kazi.

Mfumo ulibadilishwa mwaka uliofuata. Ghafla ikawezekana; meli zilikuwa zile zile. Seva ya zamani ikatolewa, tundu likatoka nayo, na Riziki akaajiriwa kuwa msaidizi wangu, akaanza kutia viraka kwa wakati wake bila kuomba ruhusa ya mtu. Alishangaa kwa nini nilikuwa mkali kwake kuhusu daftari. Riziki, sikuwa mkali kwako.

Mtaniuliza mbona sikusema miaka hiyo yote iliyofuata. Nilikuwa na sababu nzuri sana, na kila mwaka zilibadilika. Mwanzo niliogopa jela. Kisha binti yangu alikuwa chuoni. Kisha ikawa imebaki miaka miwili nistaafu, na mtu mzima havurugi mambo yake kwa miaka miwili. Sababu hizi mimi mwenyewe sikuziamini hata nilipokuwa nikizitumia. Nilikuwa mwoga, nikajua ni mwoga, nikazoea.

Bi Zuhura alikuwa bado hai wakati huo wote. Nilikuwa nikimtembelea kila Idi. Aliniuliza mara moja, "Na daftari, wenda nalo?" Nikamwambia ndiyo, bibi. Alikufa akiamini hivyo, na huo ni uongo mwingine ambao siwezi kuutolea kiraka.

Nilistaafu. Mafao yalipoingia, na siku hiyo hasa, si kabla, nilikwenda kwa wakili nikaandika kiapo. Nilitaja hitilafu, nambari niliyoibadilisha, nani aliniambia, nilichokiona Jumatatu ile, na kwamba Kazungu hakuhusika kwa namna yoyote. Wakili alinionya kwamba kiapo hicho huenda kikanirudia mimi mwenyewe. Nikamwambia aendelee kuchapa. Nakala moja niliipeleka yadi, wakanigongea muhuri wa kupokea, na sijajibiwa mpaka ninapoandika haya. Nyingine niliitia katika bahasha nikaenda nayo Kiembeni, Jumamosi alasiri.

Kazungu alinifungulia mwenyewe. Alikuwa amekonda, ndevu nyeupe, na alifurahi. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

"Kaka Salim! Miaka! Karibu, karibu ndani. Mama Pendo, njoo uone nani amekuja. Nimesikia umestaafu, hongera. Umemaliza salama."

Mkewe, Mama Pendo, aliniamkia kwa heshima, akaenda jikoni kuteleka chai. Nikaona nisinywe chai ya watu kwanza. Nikamwambia Kazungu habari yote pale pale, kwa mfuatano, kama nilivyowaandikia nyinyi. Alisikiliza akiwa amekunja mikono. Nilipomaliza, aliuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo sikuacha mashini wazi?"

"Hata kama uliiacha, haikuhusu. Ungekuwa umeifunga, umeizima, umeitia kufuli, wangeingia vile vile."

"Lakini nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Na wakati ule ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua tangu Jumatatu."

Akatazama mikono yake. Nilidhani atalia, na nikawa natafuta neno la kumfariji, mimi.

"Nilimwambia mke wangu ni uzembe wangu," akasema. "Nilisimama kanisani nikaomba niombewe, niwe mtu mwangalifu. Kila usiku naamka mara mbili kuangalia kama nimefunga. Pendo, alipokuwa darasa la sita, alirudi kutoka dukani akasahau kufunga mlango. Nilimpiga, kaka Salim. Mimi sikuwa nimepata kumpiga mtoto. Nilimpiga kwa sababu ya mlango, nikimwambia, unataka kuwa kama baba yako?"

Nilimnyoshea bahasha, naye hakuipokea, si kwa hasira. Ilikuwa kama haioni.

Mama Pendo alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, sinia mkononi, vikombe vitatu juu yake. Sijui alifika hapo lini, lakini alikuwa amesikia ya kutosha. Hakuliweka sinia chini.

"Bwana Salim," akasema, "na ungekuwa bado kazini, ungekuja?"

Nilikuwa nimewadanganya wakaguzi watatu, wataalamu wawili na mwalimu wangu. Nikamjibu:

"La. Nisingekuja."

"Haya. Iweke hapo mezani."

Niliiweka mezani, nikainuka, nikaaga. Kazungu naye akainuka kunisindikiza mpaka barabarani, kwa adabu alizolelewa nazo, mkono wake tayari ukitafuta ndara chini ya kiti.

"Keti, Baba Pendo," mkewe akamwambia. "Njia anaijua."

Akaketi.